Kwa nini hakuna anayeweza kukuambia tetemeko litakuja lini

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika kumi na tatu usiku, ardhi ilitikisika Dar es Salaam. Nilikuwa kwa ndugu yangu, ghorofa ya tatu, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, tukisubiri chai ichemke. Kwanza vikombe viligongana mezani. Nikadhani ni lori linapita. Kisha kitanda kikasogea, taa ya juu ikaanza kupepesuka, na mtaani nikasikia watu wakipiga kelele.

Tulishuka ngazi mbio na wapangaji wote wa jengo lile, wengine miguu mitupu, mmoja amejifunga taulo. Baada ya dakika chache watu walikuwa wamejaa nje, kutoka upande wa Kariakoo na upande wa Kisutu. Kila mtu alikuwa na simu sikioni akiuliza nyumbani kama wako salama.

Haikuchukua muda ujumbe ukaanza kuzunguka kwenye WhatsApp: msilale ndani, tetemeko lenyewe linakuja saa saba usiku, sambaza uokoe maisha. Haukuwa na jina la mwandishi wala la ofisi. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye tunasalimiana kila ninapopita, akanisogelea akiwa amemshika mjukuu wake mkono.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayetangaza redioni? Hebu niambie, nilale ndani au nisilale?"

Nikamwambia, "Mama, kwa kweli sijui." Akaniangalia kama mtu aliyedaiwa pesa akakosa. Akatandika khanga uwanjani, akamlaza mtoto. Wengi walifanya hivyo hivyo. Saa saba ikafika, ikapita. Hakikutikisika kitu.

Nakiri jambo moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaunakili ujumbe ule, nikataka kuutuma studio usomwe hewani. Kilichonizuia ni simu kuisha chaji. Kesho yake msikilizaji kutoka Rufiji akapiga simu akauliza: "Mvua mnatutangazia, upepo mkali mnatutangazia. Tetemeko mbona hamkututangazia?" Makala hii ni jibu kwa msikilizaji yule, na kwa mama yule wa mihogo.

Nini kilitokea usiku ule

Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa takribani 6. Kitovu chake kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa jiji, pungufu ya kilomita 100 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar, Mafia, Mkuranga na kwingineko pwani. Watu waliogopa sana, lakini halikuleta maafa makubwa.

Wengi walishangaa kwamba hata pwani kuna matetemeko. Tumezoea kuyasikia Rukwa, Kigoma, Mbeya au Arusha, kwenye Bonde la Ufa. Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki inapasuka taratibu. Upande wa mashariki, uliobeba pwani yetu, unaachana na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mpasuko huo una mikono kadhaa. Mmoja unapita Ziwa Tanganyika na Rukwa, mwingine unapita Natron na Manyara, na mwingine uko chini ya bahari, mbele ya pwani yetu na ya Msumbiji.

Mikono hiyo imetupa matetemeko mengi. Tarehe 13 Desemba 1910, Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, ambako watu wasiopungua 17 walipoteza maisha.

Namba hizi zisikudanganye kwa kukaribiana. Ukipanda namba moja, kwa mfano kutoka 6 hadi 7, nguvu inayotoka huongezeka kama mara 32. Tetemeko la Rukwa la 1910 lilikuwa na nguvu zaidi ya mara mia moja ya lile lililotutoa ndani mwaka 2020.

Utabiri ni nini hasa

Wataalamu wa matetemeko hawaiti kila kauli utabiri. Ili iwe utabiri, lazima iseme mambo matatu kwa pamoja: wapi, lini, na kubwa kiasi gani. Likikosekana moja, kauli hiyo haina kazi.

Mtu akisema "wiki hii kutakuwa na tetemeko la ukubwa wa 6 duniani," karibu hawezi kukosea. Duniani hutokea matetemeko zaidi ya 100 ya ukubwa wa 6 na kuendelea kila mwaka, yaani kama mawili au zaidi kila wiki, na mengi ni baharini au mahali pasipo na watu. Ni sawa na kusema kesho kuna mtu atajikwaa Kariakoo. Atajikwaa kweli, lakini hujatabiri chochote.

Mpaka leo, hakuna mtaalamu, taasisi wala mashine yoyote duniani iliyoweza kutaja mambo hayo matatu kwa tetemeko kubwa, ikapatia, na ikarudia kupatia. Japan hawawezi, Marekani hawawezi, China hawawezi. Kwa hiyo pale Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, wanaofuatilia matetemeko nchini, wanapokwambia lilitokea wapi na ukubwa gani baada ya kutokea, si kwamba wamezembea kabla. Hicho ndicho kinachowezekana.

Kimbunga kinaonekana, tetemeko halionekani

Turudi kwa swali la msikilizaji wa Rufiji. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitutangazia kimbunga Hidaya siku kadhaa kabla hakijafika pwani. Sisi watangazaji tulisoma taarifa zile asubuhi na jioni: kiko umbali gani, kinaelekea wapi, wavuvi wasiende baharini. Iliwezekanaje?

Iliwezekana kwa sababu kimbunga kinaonekana. Setilaiti inakipiga picha kutoka juu. Joto la bahari linapimika, upepo unapimika, mgandamizo wa hewa unapimika. Mtabiri anaona kitu ambacho tayari kimeshazaliwa na kinatembea, kazi yake ni kukadiria kitakapofika.

Tetemeko halina hatua hiyo ya kutembea kuja. Linazaliwa na kupiga ndani ya sekunde zile zile. Tena linazaliwa gizani, chini sana. Lile la Kagera lilianzia kama kilomita 40 chini ya ardhi. Shimo refu kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa na binadamu kwenda chini liko Kola, Urusi, na lina kina cha kilomita 12 na ushei. Ilichukua miaka mingi kulichimba, na upana wake ni kama wa sahani ya chakula. Hakuna setilaiti inayoona kilomita 40 ndani ya mwamba, na hakuna kifaa kilichowekwa huko.

Gunia la mchele na kamba ya mpira

Wasikilizaji huniuliza: kama ardhi inasogea kwa mwendo unaojulikana, kwa nini wasipige hesabu tu?

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua gunia la mchele lenye nusu, liweke kwenye sakafu ya saruji. Lifunge kamba ya mpira, ile ya kufungia mzigo kwenye baiskeli au bodaboda. Sasa vuta mpira taratibu, mwendo ule ule. Mpira utavutika, gunia halitasogea. Utazidi kuvutika, gunia bado limetulia. Ghafla gunia litaruka mbele, kisha litatulia tena. Endelea kuvuta, litaruka tena.

Hivyo ndivyo ardhi inavyofanya. Mkono wako unaovuta ni mwendo wa mabamba ya ardhi. Mpira ni mwamba unaojikunja na kubeba nguvu. Sakafu na gunia ni kuta mbili za ufa zilizoshikana. Kule kuruka ndiko tetemeko.

Sasa weka alama ya chaki kila gunia linaporuka. Utaona mruko mmoja ni wa vidole viwili, mwingine wa nusu kidole, mwingine wa kiganja. Wewe unavuta mwendo mmoja, lakini lenyewe haliruki kwa mpango mmoja. Sakafu ina mahali palipokwaruza na mahali laini. Na hapo una gunia moja unaloliona kwa macho. Chini ya ardhi kuna nyufa maelfu, nyingine hatuzijui, na ukiachia mmoja unaukaza wa jirani yake.

Lipo tatizo kubwa zaidi. Tetemeko dogo na tetemeko kubwa huanza kwa namna inayofanana. Ufa unaanza kuachia mahali padogo. Mara nyingi unasimama hapo hapo na hakuna anayehisi. Mara chache unaendelea kupasuka kilomita kwa kilomita. Huenda hata ardhi yenyewe "haijui" litakuwa kubwa kiasi gani wakati linaanza.

Waliojaribu

Si kwamba wataalamu hawakujaribu. Huko Parkfield, kijiji kimoja cha California, matetemeko ya ukubwa wa karibu 6 yalitokea mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Ukigawa, unapata kama miaka 22 kati ya moja na jingine. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani wakatangaza kwamba jingine lingekuja kabla mwaka 1993 haujaisha. Wakajaza vifaa vya kila aina, wakasubiri. Mwaka 1993 ukaisha, kimya. Likaja tarehe 28 Septemba 2004, na vifaa vyote vile havikuonyesha dalili ya kueleweka kabla yake.

China walipata bahati mara moja. Februari 1975, mji wa Haicheng ulitikiswa na mitetemo midogo mingi. Viongozi wakawaondoa watu wengi majumbani, na tarehe 4 tetemeko la 7.3 likapiga. Maelfu waliokoka. Dunia ikasema sasa tumejua. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan ukapigwa usiku watu wamelala, bila mitetemo midogo ya kuwaonya. Kwa hesabu rasmi walikufa zaidi ya watu 240,000.

Na kuna kisa cha Italia, ambacho sisi watangazaji tunapaswa kukikumbuka. Mwaka 2009 mji wa L'Aquila ulikuwa ukitikiswa na mitetemo midogo kwa miezi. Watu wakawa na hofu. Kikafanyika kikao cha wataalamu, na wananchi wakaambiwa watulie. Siku sita baadaye, tarehe 6 Aprili, tetemeko la 6.3 likaua zaidi ya watu 300. Wataalamu sita na ofisa mmoja walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa mwaka 2012. Wale wataalamu sita waliachiwa kwenye rufaa mwaka 2014. Funzo ni hili: kusema "litakuja saa saba" ni uongo, lakini na kusema "laleni, halitakuja" ni uongo vilevile.

Mbwa, mawingu na sayari

Wengi mmenitumia habari za mbwa kubweka, kuku kukataa kuingia bandani na nyoka kutoka mashimoni. Sikatai kwamba umeona. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko ni mepesi, na mnyama anaweza kuyahisi sekunde chache kabla yako. Lakini mbwa hubweka pia kwa mwizi, kwa fisi na kwa mbwa mwenzake. Usiku ambao mbwa alibweka na tetemeko likaja tunaukumbuka maisha yote. Usiku mia aliobweka na lisije tumeshausahau.

Hali ya hewa nayo haihusiki. Tetemeko huja wakati wa joto na wakati wa baridi, masika na kiangazi. Mpangilio wa sayari na sura ya mawingu havijamsaidia yeyote kutaja mahali, wakati na ukubwa.

Kinachowezekana

Kwanza, ramani. Wataalamu wanaweza kusema ni maeneo gani yana uwezekano mkubwa wa kutikiswa katika miaka 50 ijayo. Hii haikusaidii kujua usiku wa leo ulale wapi, lakini inakusaidia kujua ujenge nyumba ya namna gani.

Pili, sekunde. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza huenda kasi, kama kilomita 6 kwa sekunde, lakini hayana nguvu sana. Yanayofuata ni ya polepole, kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na ndiyo yanayobomoa. Ukiwa kilomita 100 kutoka kwenye kitovu, yatapishana kwa kama sekunde 12. Japan na Mexico wana mitambo inayonasa wimbi la kwanza na kupiga king'ora kabla la pili halijafika. Huo si utabiri, kwa sababu tetemeko limeshatokea. Ni kukimbizana na wimbi. Ndiyo maana usiku ule vikombe viligongana kwanza, kisha kitanda kikasogea.

Tatu, tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la 9.1 karibu na Sumatra, Indonesia, lilizua mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa hadi kwetu. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Saa kadhaa ni muda mwingi wa kumtoa mtu majini, lakini wakati ule hapakuwa na mfumo wa kuonyana katika bahari hii. Sasa upo, na hapa nchini tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ila kama uko ufukweni na umehisi mtikisiko mkali au mrefu, usisubiri redio. Nenda sehemu ya juu.

Jengo ndilo linaloua

Tetemeko la Kagera na lile la Dar es Salaam yalikaribiana kwa ukubwa. Moja liliua, jingine halikuua. Umbali wa kitovu ulichangia, lakini Kagera watu waliuawa na kuta na mapaa. Nyumba za tofali zisizofungwa vizuri zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, wengi wako nje. Ingekuwa saa nane usiku, hesabu ingekuwa nyingine.

Na hapa mjini tuna ushahidi wetu, hata bila tetemeko. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na Mnazi Mmoja, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara likaanguka Kariakoo na watu 31 wakapoteza maisha. Siku zote mbili ardhi ilikuwa imetulia. Sasa jiulize majengo ya namna hiyo yatafanya nini siku ardhi ikisogea.

Kwa wewe unayejenga kijijini, mambo machache yana maana kuliko utabiri wowote. Usijenge kwenye kingo za korongo. Tofali zipishane kwenye kona, kuta zishikane. Usipunguze saruji kwenye mchanganyiko. Piga lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika, usiishie juu ya mlango tu. Lenta ndiyo inayozuia kuta nne zisianguke kila moja upande wake. Usipange matofali au mawe juu ya bati kuzuia upepo, yatakushukia.

Ardhi ikitikisika

Ukiwa ndani ya jengo la ghorofa, usikimbilie ngazi wala lifti kama nilivyofanya mimi. Inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa, shikilia mpaka itulie. Ndipo utoke. Ukiwa kwenye nyumba ya udongo au tofali mbichi na uko karibu na mlango, toka haraka, uende mbali na ukuta. Ukiwa nje, baki nje, kaa mbali na nguzo za umeme. Baada ya mtikisiko, zima jiko na funga gesi.

Ujumbe ukikufikia kwenye simu unaotaja saa ya tetemeko, huhitaji kuuliza kama ni kweli. Kule kutaja saa tu kunatosha kukujulisha kwamba ni uongo. Usiusambaze. Nami sitausoma.

Jibu la mama wa mihogo

Leo ningemjibu hivi. Mama, shikamoo. Mitetemo midogo ya kufuatia inaweza kuja, na kwa kawaida hupungua siku hadi siku. Wakati mwingine hufuata kubwa kuliko la kwanza; kumbukumbu za dunia zinaonyesha hutokea kama mara 6 katika 100, ndani ya siku tatu. Saa haijulikani kwa yeyote. Kwa hiyo usiangalie saa, angalia nyumba. Zunguka na tochi, tazama kuta. Kama kuna ufa mpya, nguzo imepasuka au ukuta umeinama, usiingie, walale nje hata kama hakuna aliyetuma ujumbe. Kama nyumba ni nzima, ingia, mlaze mtoto mbali na kabati na dirisha, weka viatu na tochi karibu na kitanda.

Usiku ule nilimjibu "sijui", na kuhusu saa jibu hilo lilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kuishia hapo.